Karani Alipomwita Mke Wangu

Sehemu ya saba

Juma lililopita mliniacha kwenye benchi la mahakama, koti limelowa, nasubiri jina langu lisomwe. Anayeanza kunisoma leo asihangaike. Habari ni fupi, ubaya wake ndio mrefu.

Mimi ni Wilf Barraclough wa Batley. Nimefanya kazi kiwanda cha mazulia mpaka wakubwa walipokifunga na kupeleka mashine ng'ambo. Shule niliiacha mapema. Mambo ya benki yalikuwa ya mke wangu, Doreen. Yeye ndiye aliyefungua barua, yeye ndiye aliyejua kipi kinalipwa lini. Doreen akafariki mwezi wa pili mwaka jana.

Alipoondoka ndipo nikaona jinsi benki ilivyokuwa ikitunyonya.

Bili ya umeme inakuja Jumanne. Pensheni yangu inaingia Alhamisi. Katikati hapo benki inakataa kulipa umeme, halafu inanikata pauni thelathini na tano kwa sababu imekataa. Kisha inaniandikia barua kuniambia kwamba imekataa, na barua nayo nailipia mimi. Makato hayo ndiyo yanayofanya akaunti ipungukiwe tena. Basi wananikata tena. Na kila barua imeandikwa "Bwana na Bibi Barraclough", kwa sababu akaunti ilikuwa ya majina mawili.

Ndivyo hundi yangu kwa mchonga mawe ilivyorudi bila kulipwa.

Jiwe la kaburi la Doreen lilikuwa limeshachongwa: jina lake, miaka yake, na chini yake, "Mke mpendwa wa Wilfred". Bwana Earnshaw, mchonga mawe, akaniambia ananivumilia mpaka mwisho wa mwezi huu wa tano. Nisipolipa atalisaga jina la mke wangu litoke, achonge la marehemu mwingine.

"Sikuchukii, Wilf," aliniambia. "Lakini nina jiwe zuri limekaa uani, na watu wanakufa."

Nililalamika benki. Kila barua yangu ilijibiwa na mtu mwenye jina jipya na maneno yaleyale. Ndipo tukaenda mahakama ya madai madogo, mimi na wenzangu wa klabu, watu ambao nimecheza nao bingo miaka yote. Madai yangu yalifika pauni elfu moja mia moja na arobaini. Zingelipa jiwe na kubaki.

Sasa nianzie pale nilipoishia.

Baraza la kusubiria lilikuwa limejaa. Siku hiyo jaji alipangiwa kesi za benki tupu. Tulikaa kwa mstari: Hilda Crabtree, Ronnie Haigh, Terry Sugden ambaye ni katibu wa klabu yetu, mimi, na pembeni yangu shemeji yangu Pauline, dada yake Doreen. Pauline hakuwa na kesi. Alikuja kunisindikiza tu, na chupa ya chai na mkate wa nyama.

Tulikuwa tumeapa. Pale klabuni, chini ya picha ya Malkia, tuliapa kwamba hakuna atakayepokea pesa za barazani.

Maana benki ina mtindo wake. Ikiona umekaribia mlango wa jaji, inamtuma wakili akulipe papo hapo. Inasema inatoa kwa moyo mwema, wala haina kosa. Unasaini, unanyamaza, na jaji hapati nafasi ya kusema neno.

Terry ndiye aliyetuapisha. "Tunataka jaji aseme kwa mdomo wake kwamba huu ni wizi," alisema. "Atakayepokea, asikanyage tena klabu hii."

Tukampigia makofi. Mimi ndiye niliyepiga zaidi.

Wakili wa benki akatokea. Binti mdogo, Bi Fenwick, anavuta sanduku la magurudumu lililojaa mafaili. Akaita, "Bi Crabtree?"

Hilda akainuka, mwili wake wote. "Ngoja nikamweleze huyu mtoto," akasema.

Akaingia naye chumba kidogo cha pembeni. Akatoka anajipepea kwa karatasi, na baraza lina baridi ya jokofu.

"Hilda?" nikamwita.

"Usinitazame hivyo, Wilf. Boila yangu ya kupasha nyumba imekufa."

"Boila yako imekufa tangu Krismasi."

"Basi mimi nimechoka kuiombolezea." Akachukua mwavuli wake, akaenda zake.

Akafuata Ronnie. Aliingia kifua mbele, akatoka anatazama viatu.

"Tuliapa, Ronnie."

"Niliapa nimelewa."

"Ulikuwa unakunywa chai!"

"Wewe hukuionja ile chai," akasema, akanipita.

Terry akanishika goti. "Waache hao. Mimi na wewe tunatosha, mzee. Wawili wenye msimamo wanatosha." Halafu akasimama. "Nakwenda kumsoma adui."

Alikaa humo muda mrefu kuliko wote.

Aliporudi alikuwa anatafuna peremende, na bahasha ya kahawia inachungulia mfukoni mwa koti.

"Umesaini," nikasema.

"Wilf, nielewe. Mimi ni katibu. Nitasaidiaje watu nikiwa na madeni?"

"Wewe ndiye uliyetuapisha!"

"Ndiyo maana imeniuma kuliko wote."

Pauline alikohoa ndani ya kikombe chake. Sikujua kama anacheka.

Basi nikabaki peke yangu. Nitawaambia ukweli, maana hapa siandiki ili nisifiwe. Nilipobaki peke yangu, kiapo kilinitoka kama jasho. Nikafikiria jiwe pale uani kwa Earnshaw. Nikasema moyoni, na mimi nitasaini, nitachukua, nitamlipa leo leo. Nikalaza nywele kwa kiganja, nikafunga kifungo cha shati, nikamsubiri binti.

Binti akanipita.

Nikamfuata. "Samahani, mama. Umenisahau."

"Wewe nani?"

"Barraclough."

Akafungua faili, akafunga. "Aa."

"Aa nini?"

"Wewe tutaonana ndani, Bwana Barraclough."

Nilikuwa tayari kuuza kiapo changu, na hakukuwa na mnunuzi.

Bado nimesimama pale, karani wa mahakama akatoka na ubao wake. Mama mmoja mwenye sauti ya sokoni.

"Bwana Wilfred Barraclough! Bibi Doreen Barraclough!"

Baraza zima likasikia. Mwaka na miezi mitatu hakuna mtu aliyemwita Doreen kwa sauti namna ile. Niligeukia mlango. Msinicheke. Niligeuka kumtazama anaingia.

"Bibi yupo?" karani akauliza. "Au bado anaegesha gari?"

"Hayupo."

"Anakuja?"

Terry akanong'ona sikioni mwangu, "Sema anaumwa."

"Hayupo," nikarudia.

Hapa lazima niwaeleze, msije mkaniona mwendawazimu. Jina la Doreen liliwekwa na Terry. Yeye ndiye aliyenijazia fomu ya madai pale klabuni. "Akaunti ya majina mawili, wadai wawili," aliniambia. "Ukiandika mmoja wanaitupa." Na kabla ya hapo alikuwa amenionya tangu msibani: usiwaambie benki kwamba Doreen amefariki, wakijua tu wanafunga akaunti, na pensheni yako inakwama humo mpaka mawakili washibe. Mimi nikamwamini. Yeye ni katibu, ana miwani miwili.

Fomu ilitaka saini za wadai wote. Terry akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, akaandika "D. Barraclough" kwa herufi za mviringo. Akasema ni jambo la kawaida, kila mtu anafanya.

Kwa hiyo tukaingia, mimi na Terry, yeye kama msaidizi wangu. Pauline akabaki nje.

Hakukuwa na kizimba. Meza ndefu tu, jagi la maji, na Jaji Lomax mwenye suti ya kawaida na mafua mazito. Bi Fenwick akawa wa kwanza kufungua mdomo.

"Mheshimiwa, kabla hatujaanza. Rekodi za benki zinaonyesha mdai wa pili alifariki Februari mwaka jana. Madai haya yamefunguliwa Januari mwaka huu. Na yana saini yake."

Jaji akavua miwani. "Bwana Barraclough, mke wako amefariki?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Pole sana."

"Asante, Mheshimiwa."

"Sasa nani amesaini hapa?"

Nikamtazama Terry. Terry akalitazama jagi la maji.

"Bwana Sugden?" jaji akasema. "Wewe ndiye uliyemsaidia?"

"Nilimsaidia tahajia tu, Mheshimiwa. Karatasi ililetwa kwangu imeshasainiwa."

"Na nani?"

"Na Bwana Barraclough mwenyewe."

"Terry!"

"Wilf, usifanye mambo yawe mabaya zaidi."

"Alitumia mkono wa kushoto, Mheshimiwa!" nikapayuka. "Ili mwandiko uonekane wa mwanamke! Alikuwa ameshika pai ya nyama mkono wa kulia!"

"Mzee amechanganyikiwa tangu msiba," Terry akamwambia jaji, kwa sauti ya huruma kabisa. "Sisi klabuni tunamvumilia."

Nimeachishwa kazi mara mbili. Nimemzika mke. Lakini sijapata kusikia kitu kilichonichoma kama ile sauti ya huruma.

Jaji akapenga kamasi, akatutazama wote wawili. "Tamko la uongo mbele ya mahakama ni kosa linalofunga watu. Nataka kila mmoja afikirie hilo vizuri." Kisha akamgeukia Bi Fenwick. "Na wewe. Benki imejua lini kwamba Bibi Barraclough amefariki?"

"Sina maelekezo juu ya hilo, Mheshimiwa."

"Lakini rekodi ni zenu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi katafute. Mapumziko mafupi. Na Bwana Sugden asiondoke kwenye jengo hili."

Tulipotoka tu, Bi Fenwick akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa laini sasa.

"Bwana Barraclough, nakushauri ufute madai. Ukifuta, nitamwambia jaji benki haina haja ya kufuatilia saini, wala haitakudai gharama."

"Na pesa zangu?"

"Hakuna pesa."

"Wenzangu wote umewapa."

"Wenzako wote wako hai," akasema, akaenda na simu yake.

Nikamgeukia Terry. Nilimshika ukosi wa koti, mimi mwenye magoti mabovu, nikambana kwenye ukuta wa matangazo.

"Uliwaambia! Ndiyo bei ya hiyo bahasha!"

"Niache nipumue."

"Nani mwingine alijua marehemu ameandikwa kwenye ile fomu? Uliniuza!"

"Saini nimekukana, sawa!" akasema, uso mwekundu. "Nimekukana. Nina mke, nina klabu, siwezi kulala jela kwa ajili ya wino. Lakini benki sikuwaambia kitu. Walishajua. Yule binti aliniuliza mle ndani swali moja tu ambalo sikulielewa."

"Swali gani?"

"Kama namjua Pauline Tordoff."

Nikamwachia.

Pauline alikuwa palepale kwenye benchi, kitambaa chake cha nailoni cha mvua bado kichwani, anakunja karatasi ya mkate ndogo, ndogo zaidi. Alikuwa amesikia kila kitu. Baraza zima lilikuwa limesikia.

Nikakaa kando yake. "Shemeji. Umewahi kwenda benki kwa habari ya Doreen?"

"Kunywa chai kwanza."

"Pauline."

Akaiweka chupa chini. "Nilikwenda wiki ya mazishi. Na cheti cha kifo."

"Kufanya nini?"

"Ilinibidi. Tulikuwa na akaunti ya akiba, mimi na yeye. Majina mawili. Akifa mmoja lazima upeleke cheti."

"Doreen hakuwa na akaunti na mtu mwingine."

"Alikuwa nayo, Wilf."

"Benki gani?"

"Hiyohiyo. Dirisha hilohilo."

Ajabu ni kwamba mwanzoni nilifurahi. Akili yangu si ya haraka, lakini siku hiyo ilikwenda mbio. Kama Pauline alipeleka cheti wiki ya mazishi, basi benki ilijua. Ilijua tangu siku hizo, na bado ikaendelea kumwandikia Doreen barua, "Bibi Barraclough, tunasikitika kukujulisha", na kunikata kwa kila barua waliyomwandikia mtu ambaye cheti chake cha kifo wanacho kabatini. Na leo wanasimama mbele ya jaji kujifanya mimi ndiye niliyewadanganya kwamba yuko hai!

Nikaruka juu. "Pauline! Tumewashika! Njoo umwambie jaji. Hilo tu, tarehe uliyopeleka cheti. Dakika moja. Nalipata jiwe langu!"

Hakuinuka.

"Siingii mle, Wilf."

"Kwa nini? Hakuna kizimba, kuna meza tu. Jaji ana mafua, hata hatishi."

"Kwa sababu yule binti ataniuliza hizo pesa zilikuwa zinatoka wapi."

"Sasa zilikuwa zinatoka wapi?"

Akaitazama ile karatasi ya mkate.

"Kwenye akaunti yenu," akasema. "Kila Jumatatu. Pauni kumi, siku nyingine ishirini."

Jumatatu. Umeme Jumanne.

Nikakaa tena.

"Alikuwa anatoa Jumatatu," nikasema.

"Ndiyo."

"Jumanne pesa hazitoshi. Wananikata."

"Alikuwa hajui kwamba itakuwa hivyo. Makato yalipoanza alilia. Akasema ataacha."

"Akaacha?"

"Hakuacha."

Miaka sita, alivyosema Pauline. Miaka sita wanapokea pesa zangu upande huu wa dirisha, wanazihamishia upande wa pili, halafu wananiadhibu kwa sababu hazipo upande wa kwanza. Wale wasichana wa pale walikuwa wakiniambia "Habari za asubuhi, Bwana Barraclough" na kila mmoja wao anajua. Meneja anajua. Wote ila mimi.

"Alikuwa anaziweka za nini?" nikauliza.

Pauline akaifunga chupa ya chai.

"Za Krismasi?"

"Hapana."

"Za meno? Alikuwa anataka meno mapya siku zote."

"Wilf, acha."

"Za nini, Pauline?"

"Kuna nyumba ya kupanga Bridlington," akasema kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta. "Karibu na bahari. Tulikwenda kuiona mara mbili, siku zile alizokuambia tumekwenda kwa daktari wangu wa miguu. Tungehamia mwezi wa nne. Ndipo akaugua."

"Nyumba ya likizo."

"Si ya likizo."

"Na mimi ningekaa wapi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Ina chumba kimoja cha kulala na vitanda viwili vidogo, Wilf."

Karani alipita na ubao wake, akaita jina la mtu mwingine. Mtu huyo akasimama, akajigonga na kiti, akaomba radhi kwa kiti. Nalikumbuka hilo vizuri, sijui kwa nini.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ungeuliza chai yako itakuwa saa ngapi."

Sitajitetea hapa. Nilifanya kazi, nilileta mshahara nyumbani, sikuwahi kumwinulia mkono. Kama kuna mtu alipaswa kunieleza ni wale wenye vitabu. Benki inajua wewe unanunua nyama wapi, inajua mkeo anajiandaa kukuacha, inajua siku aliyokufa, na kazi yake yote ni kukutoza pauni thelathini na tano. Msichana wa dirishani alimjua Doreen wangu kuliko mimi niliyelala naye.

"Hizo pesa ziko wapi sasa?" nikauliza. "Si ulipewa wewe? Lipa basi jiwe la dada yako!"

"Zimekwisha."

"Zimekwishaje?"

"Ulidhani nani alilipa mazishi?"

"Bima."

"Bima ilikufa kabla yake. Malipo yake yalikuwa yanatoka Jumanne vilevile, yakarudishwa, yakarudishwa tena, wakaifuta. Nilikuambia ni bima kwa sababu hukuwa katika hali ya kuambiwa jingine. Jeneza, gari, mkate na nyama pale klabuni. Zile pesa za Bridlington ndizo zilizomzika."

Nilikula ile nyama. Nilikula sahani mbili, na Terry akanipigapiga mgongo.

Pauline akafuta pua. "Bado unalitaka hilo jiwe?"

Nikakifungua kifungo cha shati.

"Maana nikiingia mle," akaendelea, "yule binti atanigeuza ndani nje. Atasema akaunti ilipungukiwa kwa mkono wa Doreen mwenyewe. Ataniuliza zilikuwa za nini, na mimi siwezi kusema uongo mbele ya jaji kama Terry. Nitasema. Terry atasikia. Jioni klabu yote itakuwa inajua Doreen Barraclough alikuwa anamkimbia mumewe. Unataka hivyo? Mwache dada yangu alale, Wilf. Futa haya madai, twende nyumbani."

"Na Earnshaw alisage jina lake?"

"Mimi najua alipolala. Sihitaji jiwe kunionyesha."

"Mimi nahitaji."

"Hata sasa?"

Karani akatoa kichwa mlangoni. "Barraclough! Jaji amerudi!"

Nikainuka. Pauline akanishika mkono wa koti. "Usiniite, shemeji. Nakuomba. Ukiniita, sijui nitafanya nini."

Nikaingia.

Terry alikuwa ameshakaa. Lakini kiti chake kilikuwa kimesogezwa, hakipo tena upande wangu wa meza, wala hakijafika upande wa benki. Kilikuwa kichwani mwa meza, kama cha mgeni aliyealikwa na pande zote.

"Bi Fenwick," jaji akasema, "tarehe?"

"Mheshimiwa, nimepiga simu makao makuu. Kwa bahati mbaya hawajaweza kuthibitisha benki ilipata taarifa lini."

Alisema hivyo bila kupepesa. Binti aliyemuuliza Terry kama anamjua Pauline Tordoff! Faili lilikuwa mbele yake, mkono wake umelala juu yake, kucha zimepakwa rangi vizuri.

Jaji akaandika kitu. "Bwana Barraclough, hali ni hii. Mbele yangu nina saini ya mtu aliyefariki, na hakuna anayekubali kuiandika. Sina cha kuonyesha kwamba benki imefanya jambo la ajabu. Una haki ya kuendelea, lakini ukiendelea nitalazimika kuchunguza saini hii mpaka mwisho wake. Au unaweza kufuta madai yako sasa, na kila mtu akaenda nyumbani. Unasemaje?"

Terry akanipiga teke dogo chini ya meza. "Futa," akanong'ona. "Futa, mzee, tukale."

Bi Fenwick alikuwa ameshafunga kalamu yake.

Nilisimama. Mtu hatakiwi kusimama kwenye chumba kile, lakini mimi nilisimama. Nilijua nikifuta, Doreen atabaki mke mwema mdomoni mwa kila mtu, na jina lake litasagwa liwe vumbi uani kwa Earnshaw. Na nikiendelea, huenda nikalipata jiwe, na Batley nzima itapita makaburini kulisoma na kucheka.

"Mheshimiwa," nikasema, "nina shahidi."

Jaji akainua kichwa. "Shahidi wa nini?"

"Wa tarehe. Yeye ndiye aliyewapelekea cheti cha kifo. Yuko hapo nje. Dada yake marehemu, Bi Pauline Tordoff."

Nilitegemea binti wa benki ashtuke. Hakushtuka. Alifungua faili lake, akapindua kurasa mpaka akafika ukurasa mmoja uliobandikwa karatasi ya manjano, akaulainisha kwa kiganja. Kisha akatabasamu, na kalamu yake akaifungua tena.

"Benki haina pingamizi, Mheshimiwa," akasema. "Benki pia ina maswali kwa Bi Tordoff."

Terry akaacha kutafuna.

"Karani," jaji akasema, "mwite."

Karani akatoka, mlango akauacha wazi kidogo. Nikamsikia barazani na ile sauti yake ya sokoni: "Pauline Tordoff!" Kisha tena: "Bi Pauline Tordoff!"

Benchi likalia. Mtu ameinuka. Halafu nikasikia visigino kwenye sakafu ya mawe, polepole, na nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza, nisijue kama vinakuja au vinakwenda zake.